Ligi ya Isthmian nayo ina historia, Mhariri, tuandikieni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua barua ndefu huwa mnazikata lakini hii ukiikata utaiua. Wiki iliyopita mwandishi wenu wa michezo aliandika kuwa mfumo wa kutoa pointi tatu kwa ushindi ulianza England mwaka 1981. Kama anaongelea madaraja ya juu peke yake yuko sahihi, ila kuna ligi ya ridhaa, yaani ya wachezaji wasiolipwa, ya viunga vya London ambayo ilikuwa inatoa pointi tatu tangu msimu wa 1973/74, miaka nane kabla ya wakubwa, na Kombe la Dunia lenyewe lilikuja kuutumia mfumo huo 1994. Ligi hiyo inaitwa Isthmian. Nimekuwa nafuatilia historia yake kwa muda mrefu na kiukweli inaniuma kuona kurasa za michezo zimejaa tetesi za usajili wa timu zilezile sita wakati kuna habari kama hizi zimelala tu hakuna anayezigusa.

Hebu nianze na walivyoanza. Mwaka 1905 klabu sita za London zilikaa zikaunda ligi yao: Casuals, Civil Service, Clapton, Ealing Association, Ilford na London Caledonians. Wakati huo mpira wa kulipwa ulikuwa umeshahalalishwa England miaka ishirini nyuma, tangu 1885, na timu za kaskazini zenye hela za viwanda ndo zilikuwa zinatamba, sasa hawa wa London wakasema sisi tunacheza kwa ridhaa, bingwa wetu hapewi kombe wala medali. Kauli mbiu yao ilikuwa heshima inatosha. Yaani unacheza msimu mzima, mvua, matope, baridi ya Januari, unakuwa bingwa, halafu unaambiwa hongera na unarudi kazini Jumatatu. Mabingwa wa kwanza walikuwa London Caledonians, timu ya Waskoti waliokuwa wanaishi London. Miaka miwili baadaye vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe kwenye soka la ridhaa, klabu kadhaa zikagoma kukaa chama kimoja na wanaolipwa wakajitenga na FA, chama cha soka cha England, mgogoro ukaisha 1914, lakini sitaki kupoteza nafasi huko maana ulikuwa ugomvi wa mabwana wakubwa zaidi kuliko wachezaji.

Nitakaa kidogo kwa Clapton maana hii ndo klabu ambayo kila mpenda mpira Mwafrika angepaswa kuijua. Clapton ni ya 1878, na tangu 1888 uwanja wao unaitwa Old Spotted Dog, uko Forest Gate mashariki mwa London, unahesabika kuwa uwanja mkongwe kuliko yote ya soka la wakubwa kwenye jiji hilo. Wamechukua Kombe la Ridhaa la FA, lile la klabu za wasiolipwa, mara tano, 1907, 1909, 1915, 1924 na 1925. Msimu ule wa 1908/09 walikuwa na kijana mmoja mweusi anaitwa Walter Tull, baba yake alikuwa seremala kutoka Barbados, wazazi wote wawili walifariki akiwa mdogo akalelewa kwenye kituo cha yatima Bethnal Green, akajifunza kazi ya uchapaji. Akaingia Clapton akiwa mchezaji wa ridhaa, na ndani ya msimu uleule Tottenham wakamuona wakambeba wakamfanya mchezaji wa kulipwa, baadaye akaenda Northampton Town akacheza zaidi ya mechi 100. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza akajiunga na jeshi, 1917 akapewa cheo cha uofisa kwenye jeshi la Uingereza wakati kanuni za jeshi zilikuwa haziruhusu mtu asiye mzungu kuongoza askari, na Machi 1918 akauawa vitani Ufaransa. Mtu huyo mpira wake mkubwa ulionekana kwanza kwenye ligi ya mtaani ambayo bingwa wake hapewi hata medali. Mngeandika hilo tu, Mhariri, ukurasa mzima ungetosha.

Dulwich Hamlet nao wako kusini mwa London, jezi zao za pinki na bluu, walianzishwa 1893 na mzee mmoja aliyejulikana kama Pa Wilson aliyekuwa anakusanya vijana wa shule ya Jumapili. Waliingia Isthmian 1907. Walichukua Kombe la Ridhaa 1920, 1932, 1934 na 1937, na ile fainali ya 1932 waliwapiga Marine 7-1. Straika wao Edgar Kail aliitwa timu ya taifa ya England yenyewe, sio ile ya ridhaa, akacheza mechi tatu mwaka 1929 dhidi ya Ufaransa, Ubelgiji na Hispania, mechi ya kwanza tu kapiga mbili, na bado akabaki Dulwich hadi mwisho, hakwenda kusaini mkataba wa hela popote. Leo barabara inayoingia uwanjani kwao Champion Hill ina jina lake. Uwanja huohuo ulitumika kwenye Olimpiki ya 1948, Korea Kusini wakawafunga Mexico 5-3 pale.

Watu wanadhani mpira wa ridhaa maana yake ni watu ishirini na mbwa mmoja pembeni ya uwanja. Hapana. Baada ya vita vya pili vya dunia watu walikuwa na njaa ya mpira kwelikweli, fainali ya Kombe la Ridhaa ikahamishiwa Wembley kuanzia 1949, Bromley wakawafunga Romford 1-0 mbele ya watu zaidi ya 90,000. Na ile ninayoipenda mimi kuliko zote ni ya 1952, Walthamstow Avenue na Leyton, timu mbili za majirani kabisa mashariki mwa London, watu ambao Jumatatu wanapanda basi moja kwenda kazini, wanakutana Wembley na uwanja umejaa watu 100,000. Avenue wakashinda 2-1 kwenye muda wa nyongeza. Ndani ya kikosi cha Avenue kulikuwa na Trevor Bailey, yule mchezaji wa kriketi wa timu ya taifa ya England, mpira alikuwa anacheza kama kazi ya pili.

Mwaka uliofuata Avenue hao hao wakafika raundi ya nne ya Kombe la FA, hili kubwa lenyewe, wakapangwa na Manchester United pale Old Trafford. United ya Matt Busby walikuwa mabingwa watetezi wa ligi. Tarehe 31 Januari 1953, makarani na mafundi na wauzaji wa viunga vya London wakatoka sare ya 1-1 Old Trafford, na bao la Avenue akafunga Jim Lewis ambaye kazi yake ilikuwa kuuza chupa za chai. Marudiano yakapelekwa Highbury kwa Arsenal, United wakashinda 5-2 lakini Lewis akafunga mawili tena, yaani mabao yote matatu ya Avenue dhidi ya mabingwa wa England yalitoka kwa mtu ambaye hakuwa analipwa mshahara wa mpira. Lewis huyo alikuwa anachezea pia Chelsea, akiwa bado wa ridhaa, na Chelsea walipochukua ubingwa wao wa kwanza wa England 1955 alikuwemo kwenye kikosi. Kulikuwa na mwingine wa ridhaa palepale Chelsea, Seamus O'Connell, mechi yake ya kwanza Oktoba 1954 akapiga hat-trick dhidi ya Manchester United, Chelsea wakafungwa 6-5 lakini hat-trick ni hat-trick. Mashabiki wa Chelsea wanaosoma gazeti hili ni wengi mno na sidhani kama wengi wao wamewahi kusikia kwamba ubingwa ule una jasho la watu wa namna hii.

Na sisi Waafrika tumo. Timu ya kwanza ya Nigeria kwenda kuzuru Uingereza, 1949, ilipangiwa mechi na timu za ridhaa za aina hii hii, wachezaji wengi walicheza peku, na mechi ya kwanza wakawafunga Marine wa pembeni ya Liverpool 5-2, ndo walewale Marine niliowataja huko juu. Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana, wakafuata 1951 na Uganda wakaenda 1956. Kwa hiyo wakati wa ukoloni mlango wa Mwafrika kupimana na Mwingereza kwenye ardhi ya Mwingereza ulikuwa ni hizi klabu za viungani. Hilo peke yake linatosha kuwa makala.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya nikuandikie, maana huwa nikisoma au kusikia watu wanaongelea kufa kwa soka la ridhaa wanasema liliuawa na pesa, kwamba wachezaji walianza kulipwa kinyemela, roho ya mchezo ikapotea, basi. Mimi sikubaliani. Ni kweli walikuwa wanalipwa kinyemela, hilo halina ubishi. Mchezaji anamaliza mechi, anaoga, anavaa suruali na shati, akiingiza mguu kwenye kiatu anakuta noti zimekunjwa ndani, hakuna aliyesema kitu, hakuna risiti, klabu kwenye vitabu inaandika nauli na chai. Kwenye miaka ya 1950 kila mtu alijua. Na tuwe wakweli, ulikuwa ni mfumo uliowalazimisha watu kudanganya, kwa sababu mpaka Januari 1961 hata mchezaji wa kulipwa wa daraja la juu kabisa alikuwa amewekewa kikomo cha mshahara, mwishoni kilikuwa pauni 20 kwa wiki, basi mtu mwenye kazi yake nzuri ya ofisini na bahasha ya Jumamosi alikuwa hana haja ya kwenda kujifunga na mkataba. Kosa liko wapi hapo? Kijana kalishwa matope dakika tisini, watu wamelipa kiingilio, kupewa chochote ni haki yake. Kilichokuwa kibaya ni uongo tu, na FA walipofuta kabisa tofauti ya mchezaji wa ridhaa na wa kulipwa mwaka 1974 wote wakaitwa wachezaji, mimi naona walifanya la maana, na walichelewa.

Wimbledon waliliona mapema. Hao walikuwa Isthmian miaka mingi, mabingwa mara nane, na mwaka 1963 walichukua Kombe la Ridhaa Wembley kwa kuwafunga Sutton United 4-2, Eddie Reynolds akafunga yote manne kwa kichwa. Manne, yote kichwa, Wembley. Mwaka uliofuata wakaamua hatutaki tena kujifanya, wakaenda ligi ya kulipwa ya kusini, 1977 wakaingia ligi za taifa, yaani madaraja manne ya juu ya England, na 1988 wakachukua Kombe la FA mbele ya Liverpool, 1-0, hiyo wengi wetu tunaikumbuka au tumesimuliwa na kaka zetu.

Kwa hiyo pesa haikuwaua Wimbledon. Kilichokuja kuwaua ni uwanja. Waliondoka uwanjani kwao Plough Lane 1991 wakawa wapangaji kwa watu, na 2003 timu ikahamishwa ikapelekwa Milton Keynes, mji mwingine kabisa. Na hapa ndo ninapotaka mwandishi wenu apaangalie kwa makini, kwa sababu ukifuatilia klabu za Isthmian moja baada ya nyingine unakuta habari ni hiyohiyo. Hizi klabu zilipata viwanja zamani wakati pembeni ya London kulikuwa mashamba na ardhi rahisi, jiji likatanuka likavizunguka, ardhi ikapanda bei mpaka kiwanja cha timu inayoingiza watu mia tatu kikawa na thamani ambayo timu isingeweza kuipata kwenye mageti hata ingecheza kila siku kwa karne nzima. Hapo mwenye klabu au mwenye deni anaanza kupiga hesabu za nyumba.

Angalia Ilford, waanzilishi wa 1905. Fainali ya mwisho kabisa ya Kombe la Ridhaa, 1974, walikuwemo wao, wakafungwa na Bishop's Stortford 4-1 Wembley. Miaka mitano baadaye hawana uwanja wao wa Lynn Road, wanaungana na Leytonstone. Na Leytonstone sio timu ya kuokota, kati ya 1947 na 1952 ubingwa wa Isthmian waliukosa mara moja tu, 1949, walipouchukua Dulwich, na Kombe la Ridhaa walilichukua 1947 na 1948 mfululizo, halafu tena 1968. Timu iliyoungana ikaitwa Leytonstone-Ilford. 1988 ikawameza Walthamstow Avenue, ndiyo, Avenue walewale wa Jim Lewis na Old Trafford, na mwaka uliofuata majina yote matatu yakafutwa, ikaitwa Redbridge Forest. 1992 Redbridge Forest wakaungana na Dagenham, ikazaliwa Dagenham & Redbridge. Lynn Road, Granleigh Road ya Leytonstone na Green Pond Road ya Avenue, vyote leo ni makazi ya watu. Klabu tatu zenye Kombe la Ridhaa saba baina yao ziko ndani ya jina la nne ambalo halitaji hata mmoja wao. Wanaotetea watasema Dagenham & Redbridge walipanda mpaka ligi za taifa 2007 na wakagusa daraja la tatu msimu wa 2010/11, kwa hiyo kuungana kulilipa. Kwa aliyekuwa anatembea kwa mguu kwenda Green Pond Road na mwanae kulilipa nini? Mimi hesabu hiyo siioni.

Enfield walikuwa moja ya timu kali kuliko zote za ridhaa, Kombe la Ridhaa 1967 na 1970, uwanja wao wa Southbury Road ukauzwa 1999 wakawa wanahamahama, mpaka 2001 mashabiki wakachoka wakaanzisha yao, Enfield Town, klabu ya kwanza England kumilikiwa na mashabiki kwa mtindo ule. Wimbledon mashabiki wakafanya vivyo hivyo 2002, wakaanza chini kabisa na AFC Wimbledon, wakapita Isthmian tena njiani wakipanda, wakafika ligi za taifa 2011 na Novemba 2020 wakarudi kucheza Plough Lane. Dulwich Hamlet wakafungiwa nje ya Champion Hill mwaka 2018 kwenye mgogoro na kampuni iliyokuwa inamiliki ardhi, ikafikia mpaka jina la klabu kusajiliwa na watu wengine kama alama ya biashara, jina la 1893! Wakacheza kwenye uwanja wa Tooting & Mitcham, majirani na wapinzani wao wa siku zote, na huko huko uhamishoni wakapanda daraja msimu ule ule, na Desemba 2018 wakarudi nyumbani. Tooting waliwapokea wapinzani wao na hilo nalo linastahili kuandikwa.

Kuna watu wataniambia ligi yenyewe ipo, sasa unalilia nini. Ipo kweli, inaendelea, imeshatoa Wycombe waliofika mpaka daraja la pili 2020, imetoa Sutton United waliowatoa Coventry City kwenye Kombe la FA Januari 1989 Coventry wakiwa daraja la kwanza, na Bromley wamepanda ligi za taifa 2024 baada ya zaidi ya miaka 130 ya kuwepo. Silii kwamba ligi imekufa. Ninachosema ni kwamba klabu inafungwa 10-0 inaamka Jumamosi inayofuata, inashuka daraja inarudi, inakosa wachezaji inachukua watoto wa mtaa inaendelea, lakini ikishapoteza kiwanja ni suala la muda tu, na ushahidi wa hilo uko Isthmian miaka zaidi ya hamsini mfululizo, na waandishi wa michezo ndo walitakiwa kutuambia hivyo badala ya kutuambia mshambuliaji fulani ameonekana uwanja wa ndege.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, mtengeeni mwandishi wenu nusu ukurasa tu, sio lazima kila wiki, aandike klabu moja moja. Kama nafasi ni ndogo aanze na Clapton. Klabu ya zamani iliingia kwenye mgogoro mrefu na mashabiki wake, wakaisusia, 2018 wakaunda Clapton Community, jezi yao ya ugenini yenye rangi za bendera ya Jamhuri ya Hispania ya zamani ikauzwa kwa maelfu, wengi wa wanunuzi wakiwa Hispania, na mwaka 2020 hao mashabiki wakainunua Old Spotted Dog yenyewe, ardhi na hati. Wanachama ndo wenye mali sasa, mechi zinachezwa pale, na aliyetaka kumuhoji mtu atawapata.

Msomaji wenu wa kurasa za michezo